Mayai Sita na Mstari wa Baba

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya hamsini na tatu. Mayai sita, meupe, mazima, yametulia ndani ya sanduku la kutotolea. Raha iliyoje! Baba yao ni Bwana Harusi, chatu wangu dume mwenye mstari mmoja wa dhahabu kutoka kisogoni hadi mkiani. Mama yao ana madoa ya kawaida tu, lakini hilo si neno. Damu ya baba ina nguvu. Mimi nina pua ya baba, na ndugu zangu wote watano wanayo.

Mke wangu ni fundi cherehani. Anashonea sebuleni, na chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa kinakaliwa na nyoka wangu. Anakitaka. Leo tumepatana na kupeana mikono: akitoka hata mtoto mmoja mwenye mstari, chumba changu moja kwa moja. Wakitoka wote na madoa, cherehani inaingia. Nilikubali kabla hajabadili mawazo. Masikini mama wa watu, hajui anashindana na mtaalamu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemkuta mke wangu chumbani, futi shingoni, akipima dirisha kwa ajili ya mapazia. Nimejifanya sikuona.

Jioni, mkutano wa chama chetu cha wafuga nyoka. Tuko saba. Tunakutana kwa daktari wa meno, kwenye viti vya wagonjwa wake. Yeye ndiye mwenyekiti, na ana chatu wanne wenye mstari. Anaringa huyo! Nilitangaza kwamba wiki hii nitakuwa na sita. Aliuliza kama mama yao ana mstari. Nikasema hana. Na bibi yao je? Nikamjibu sikuchumbia ukoo mzima. Watu walicheka, yeye akachukua karatasi akaanza kuchora.

Alidai mstari huu ni sifa inayojificha. Mtoto lazima aipate kwa baba na aipate kwa mama, ndipo ionekane. Akiipata upande mmoja tu, anaibeba ndani kimyakimya, nje anabaki na madoa. Alieleza kwa muda mrefu. Niliitikia kwa kichwa, huku nikihesabu meno kwenye picha ya ukutani. Thelathini na mawili. Wivu mtupu!

Alhamisi, 6 Machi

Wazo! Kama mama hana mstari, baba aongeze bidii. Nimelihamisha tangi la Bwana Harusi na kulibandika ubavuni mwa mayai, kioo kwa kioo, watoto wapate kuona wanatakiwa wafanane na nani. Mke wangu aliuliza wataonaje wakiwa ndani ya yai. Nikamwambia aendelee na vifungo vyake.

Hakuudhika. Alinikumbusha tu kwamba binti yetu ana mwanya wa bibi yake, na meno yetu sisi wawili yamebanana. Sasa huo mwanya ulipitia wapi? Nilimjibu kwamba mwanya ni mwanya na nyoka ni nyoka. Alirudi kwenye vifungo vyake.

Jumamosi, 8 Machi

Wanatoboa! Nilipiga ukelele, mke wangu akaja mbio na pini mdomoni. Kichwa cha kwanza kikatokeza, hakizidi kidole gumba, ulimi nje. Nililia. Sioni haya kuandika. Mke wangu alinishika mkono, na kwa dakika kadhaa tulisahau kwamba tuna ugomvi wa chumba.

Kisha mwili ukafuata. Madoa. Wa pili, madoa. Wa tatu, wa nne, wa tano! Wa sita nilimsubiri hadi saa kumi jioni. Madoa, tena kuwashinda wenzake. Nilimgeukia Bwana Harusi anieleze. Alikuwa amejikunja, amenipa mgongo, na mstari wake wote.

Mke wangu hakunicheka. Alisema watoto ni wazuri sana, kisha akauliza kama meza yake ya kukatia vitambaa itapita mlangoni.

Jumapili, 9 Machi

Sijashindwa! Daktari wa meno alikuja kuwaona. Uso ulimng'aa. Alisema kila mmoja anaubeba mstari wa baba kwa siri, na wakikua, nikimuoza kaka kwa dada, mistari itaanza kujitokeza. Alinisihi niwatunze. Mtu anayesifia madoa hivi, akili zimemruka. Hapo hapo nikamtega: achukue wote sita, anipe mmoja tu wa kwake mwenye mstari. Aliniuliza kama nina hakika. Aliniuliza tena. Aliniomba nilale nalo kwanza. Nikamwambia mimi hufikiri mara moja tu. Alikimbia kwake kumleta huyo mmoja, kisha akaondoka na sita wangu mbiombio, hata chai hakumaliza. Nimemla mzimamzima!

Huyo mwenye mstari nilimlaza kwenye sanduku, katikati ya maganda, nikamwita mke wangu nikimwonyesha: Wa saba! Alikuwa amejificha! Mke wangu alihesabu maganda. Sita. Akavua futi shingoni, akampima nyoka, akapima na ganda. Akaketi sakafuni akacheka hadi machozi. Nami nikacheka, maana akicheka hivyo siwezi kujizuia.

Jumanne, 11 Machi

Cherehani imeingia. Hakutufukuza. Ametuachia kona nzima karibu na mlango, na tangi la Bwana Harusi amelishonea kipazia. Anashona huku anaimba. Kusema kweli chumba kimependeza.

Daktari wa meno amepiga simu. Ati roho inamsuta, anataka kunirudishia angalau majike wawili, bure. Nimekataa. Aliyeliwa ameliwa, sivunji biashara.

Na habari njema kuliko zote: mgeni wetu naye ni dume! Sasa nina madume wawili wenye mstari, na mama yule yule wa madoa. Ndiyo maana mwaka huu mambo hayakwenda, baba mmoja hakutosha. Nimemtaka mke wangu tupatane upya: mwakani mstari ukitoka, chumba kinarudi kwangu. Alikubali sentensi yangu ikiwa nusu, ila nikishindwa anachukua na kona. Ameandika mkataba kwa chaki ya kushonea, nyuma ya karatasi ya vipimo. Nimesaini bila kusoma.