Vidokezo Ishirini na Kimoja vya Tamasha la Mitambo

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Shemeji kapata kitambulisho. Cha kuning'iniza shingoni, utepe wa bluu, picha yake akitabasamu kama aliyezaliwa nacho. Kaja nacho mezani kwa Mama Mkwe. Kala nacho. Kilipoingia kwenye mchuzi akakifuta kwanza, ndevu baadaye.

Kisa ni tamasha la muziki wa elektroniki. Jumamosi na Jumapili, mji mzima, kumbi thelathini. Ule muziki ambao mtu anasimama nyuma ya meza, kazungukwa na nyaya, anagusa vitufe kama anayetafuta stesheni ya redio. Shemeji ni fundi wa spika, wamempa kazi ukumbi wa mtaa wetu. Mke wangu, ambaye ni dada yake, akanikonyeza nimpongeze. Nikampongeza mpaka taya zikauma.

Mama Mkwe akaniuliza, mbele ya watu wote, na wewe baba wamekupa kazi gani. Nikajibu naandika mwongozo wa tamasha. Sijui maneno hayo yalitoka wapi! Mdomo huu utanizika.

Lakini wazo si baya. Nafanya kazi duka la fotokopi. Karatasi zipo. Mashine ipo. Tajiri kasafiri mpaka wiki ijayo. Watu hawajui pa kuanzia, nitawashika mkono. Waandaaji watauliza huyu mtaalamu ni nani. Watanivika utepe. Mwekundu, ikiwezekana.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Sijawahi kuhudhuria tamasha la aina hii. Si kizuizi. Aliyechora ramani ya mwezi alikuwa ameketi chini hapa hapa.

Vidokezo kumi na vinne kabla ya chai! Cha kwanza: vaa viatu vipya kabisa, heshima huanzia miguuni. Cha tisa, ninachojivunia kuliko vyote: muziki huu husikilizwa kimya, bila hata kukohoa. Usipige makofi mpaka msanii anyanyue mikono yote miwili. Hapo piga kwa nguvu zako zote. Nimekitoa wapi? Kichwani. Kichwa hiki ni ghala.

Mke wangu ni muuguzi kliniki ya masikio. Alisoma, akacheka mpaka akashika ukuta. Kasema humo ndani hakuna hata kimoja cha kweli. Niwaambie watu wabebe pamba za masikioni na wasisimame mbele ya spika, kwa sababu atakayewapokea Jumatatu ni yeye. Nimekiweka cha ishirini na moja, mwisho, herufi ndogo. Sitaki kitabu kinuke hospitali.

Alhamisi, tarehe 15 Mei

Nina ratiba! Shemeji aliisahau kwenye kochi kwa Mama Mkwe. Niliikalia, nikaondoka nayo. Kumbi zote, saa zote. Ukumbi wa mtaa wetu, Jumamosi, anapiga msanii mkubwa anayeletwa kwa ndege. Imeandikwa: saa 4.

Hapa ndipo mtu wa kawaida angejikwaa. Saa nne ipi? Watu wa ndege wanahesabu saa kama zilivyo kwenye tiketi ya ndege. Nne yao ni kumi yetu. Na nani apige muziki saa nne asubuhi, watu wanafua? Ni saa kumi jioni, wazi kama mchana. Nikaongeza saa sita kwenye ratiba nzima, kumbi zote thelathini. Dakika ishirini tu. Akili ni mali.

Nimechapa nakala mia tatu. Nimetumia karatasi za waridi zilizobaki kwenye harusi iliyovunjika. Ukumbi wetu nimeupa ukurasa wa mbele: USIKOSE! SAA KUMI KAMILI!

Ijumaa, tarehe 16 Mei

Asubuhi nimegawa saluni, vituo vya basi, mlangoni kwa daktari wa meno. Mpaka adhuhuri nakala zote zimekwisha! Mtu kaniuliza kama mwandishi ni mimi. Nikainamisha macho, kama waandishi wafanyavyo.

Jioni kwa Mama Mkwe. Hakuna aliyecheka mezani. Yeye ni mwalimu wa cherehani, na kesho wanafunzi wake kumi na wawili wanafanya mtihani wa cheti. Mwaka mzima wamejifunza. Kuna jirani yetu mjane, tunamwita Bi Taratibu. Ana mkono mzuri lakini akitazamwa na mtahini anatetemeka kama jani. Kafeli mara mbili. Akifeli ya tatu haruhusiwi tena, na kiwanda cha sare hakichukui mtu asiye na cheti. Ana watoto wanne.

Nikasema Mungu atawasaidia, nikauliza mtihani uko wapi. Mama Mkwe akasema ukumbi wa mtaa, kuanzia saa tisa na nusu, wanamuziki wakishaondoka. Nikamwambia haiwezekani, mwanamuziki anaanza saa kumi.

Shemeji akacheka. "Shem, ni saa nne asubuhi. Spika nimefunga mimi."

Nikaaga, nikasingizia tumbo. Nilizunguka mbio vituo vyote vya basi. Nimeokoa nakala mbili, moja mzee alikuwa anajipepea nayo na hakutaka kuiachia.

Ningeweza kurudi nikasema ukweli. Ningeweza kabisa. Badala yake nina mpango: kesho nitasimama mlangoni niwarudishe mmoja mmoja. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, tarehe 17 Mei

Nilifika saa tisa, na kibao: LEO HAKUNA MUZIKI. Wa kwanza walikuja mume na mke, wanachechemea, viatu vipya vyote vinne. Nikawaambia warudi nyumbani. Wakatabasamu. Yule mume akafungua kitabu cha waridi akanisomea kidokezo cha kumi na saba: mlangoni atakuwepo mtu wa kukuzuia, usimsikilize, anawapima wapenzi wa kweli.

Nilikiandika mimi! Saa ya chakula cha mchana, Jumanne, nikiwa na furaha!

Wakanipita. Wakaja wengine. Nilishika mtu shati, akanipa mkono kwa heshima akaendelea. Wote themanini wakaingia kwa kunyata. Nikaingia nyuma yao nikajificha nyuma ya pazia.

Vyerehani kumi na viwili vya umeme, safu mbili. Mbele, mtahini na saa yake mezani. Mama Mkwe akautazama ule umati, kisha akatazama pazia, halafu chini ya pazia, zilipo ndala zangu.

Mtahini akawauliza ninyi ni nani. Kimya. Kidokezo cha tisa. Akadhani ni jamaa wa watahiniwa. Akasema kwa ukali kwamba wakae chini, na akisikia hata kikohozi kimoja anafuta mtihani wa wote kumi na wawili.

Wakakaa sakafuni. Vyerehani vikaanza. Trrr, trrr-trrr, kimya, trrrrr. Watu wakafumba macho. Wakatikisa vichwa taratibu. Mwanamume mwenye upara alifuta chozi. Shemeji alikuwa pembeni akikunja nyaya zake, akaja nyuma ya pazia, akaninong'oneza: "Shem, umefanya nini?" Nikamwambia anyamaze, kuna mtihani.

Katikati, binti mmoja akataka kupiga chafya. Nilimwona! Pua juu, mdomo wazi. Kumi na wawili wote walikuwa wanaponyoka kwenye pua ile. Akachomoa pamba kwenye mfuko akaisokomeza puani, tundu zote mbili. Ishirini na moja. Mke wangu, nisamehe.

Kisha sindano ya Bi Taratibu ikavunjika. Tak. Akaganda. Alikuwa ameshona kola mbili, imebaki ya tatu. Mikono ikaanza. Akainua macho kuomba msaada, akakuta watu themanini wanamtazama mikono. Si kama mtahini anavyotazama. Wanamtazama kama mtu anayesubiri habari njema. Mwenye upara akainamisha kichwa kidogo, kama kumwambia, chukua muda wako, mama.

Akavuta pumzi. Akabadilisha sindano. Akatunga uzi mara moja tu, mara moja! Akashona. Sijawahi kusikia cherehani kikienda vile, laini, bila kusita, mpaka mwisho wa pindo. Nyuma ya pazia nilijikuta nimemshika Shemeji mkono.

Wanafunzi wale wamefundishwa kwamba muda ukiisha, aliyemaliza anyanyue mikono yote miwili.

Saa ya mtahini ikalia, na wa kwanza kunyanyua akawa Bi Taratibu.

Makofi! Vigelegele! Mtahini akaanguka na kiti chake. Mwenye upara akawa anapiga kelele: "Tena! Tena!"

Mtahini alijiokota, akavaa miwani, akaichukua kola ya tatu. Akaigeuza ndani nje, akaivuta, akaipeleka dirishani. Muda mrefu. Mwishowe akasema ya kwanza imepinda, ya pili inapita, na hii ya tatu yuko tayari kuivaa yeye mwenyewe. Kafaulu. Wote kumi na wawili wamefaulu. Bi Taratibu alilalia cherehani akalia, na wale watu wakamzunguka wakimuuliza atapiga wapi tena.

Na mimi niliingiwa na vumbi machoni. Pazia lile halifuliwi.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Waandaaji wamekuja kwa Mama Mkwe. Nilivaa koti. Nikakaa kwenye kiti kinachotazama mlango.

Wana mambo mawili. La kwanza, wanamtafuta mwandishi wa kitabu cha waridi. Watu mia mbili walifika kwenye kumbi nyingine wamechelewa kwa saa sita, muziki umeshakwisha, wakasikiliza wafagiaji. Nikavua koti taratibu. Wote mezani wakaangalia sahani. Shemeji, mwenye siri yangu mdomoni, akasema mwandishi hajulikani, pengine ni mgonjwa. Kanifichia! Sitamsamehe.

La pili, habari za vyerehani zimeenea mji mzima. Mwakani wanawataka jukwaa kubwa. Wakatoa vitambulisho viwili vya utepe mwekundu: kimoja cha Mama Mkwe, kimoja cha Bi Taratibu.

Walipoondoka Mama Mkwe alinigeukia. "Baba, siku ukitaka kuandika tena, andika wosia."

Jumatano, tarehe 21 Mei

Mke wangu kasema kliniki haikupata sikio hata moja bovu. Ila jirani yao, daktari wa ngozi, kajaza foleni mpaka barabarani. Malengelenge ya miguu. Tajiri naye karudi, anauliza karatasi za waridi ziko wapi. Nimemwambia wale wachumba wamerudiana.

Nimetafakari sana siku tatu hizi, kwa unyenyekevu. Nimeliona kosa langu waziwazi. Vidokezo ishirini na kimoja ni vichache mno.

Na bahati haimtupi mtu mwenye bidii! Tangazo limebandikwa leo asubuhi mbele ya duka letu: mwezi ujao, mashindano ya kuogelea ziwani, mji mzima unaalikwa, hata wasio na uzoefu. Mimi sijui kuogelea, kwa hiyo nitayaona mambo kwa jicho jipya. Nimeshaanza. Kidokezo cha kwanza: ukifika chini kabisa usiogope, tulia, kisha vuta pumzi ndefu.