Teke la Bunduki ya Mzee Shantilal

Jumamosi, 3 Mei

Nyusi ya kulia imepasuka. Jicho limevimba kama andazi. Naandika kwa jicho moja.

Chanzo ni harusi ya Jumapili iliyopita, mtaa wa Sparkbrook, huku ughaibuni. Shemeji yangu Abdiaziz alikuwa anasimulia habari za duka lake la tatu, na meza nzima inamsikiliza. Mimi ni mlinzi wa maduka huko Northfield. Hakuna aliyeniuliza chochote. Nikasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba siku hizi ninapiga bunduki ya kuwindia nyati. Wote wakanigeukia. Utamu wake! Mtu mmoja hata aliacha kutafuna. Abdiaziz akataka kujua atakuja lini kunitazama. Nikasema tarehe kumi, siku ya bunduki kubwa pale kwenye klabu yetu ya shabaha.

Ukweli ni kwamba sikuwahi hata kuigusa. Mimi ni mwanachama wa majaribio. Napewa bunduki ndogo ambayo ikilia utadhani mtu amefunga droo. Ile kubwa ni ya Mzee Shantilal, mfamasia mstaafu, mzaliwa wa Nakuru, aliyeirithi kwa baba yake. Leo nikamwomba niijaribu. Akanieleza polepole: ibane begani, egemea mbele, weka jicho mbali na darubini. Nilisikia nusu, kwa sababu Gurbachan, mwenzangu klabuni, alikuwa anatutazama na nilitaka nionekane mtu asiyehitaji maelezo.

Nikafyatua. Kofia ikaenda kivyake, miwani kivyake. Darubini ikarudi ikanigonga usoni. Risasi ilizama kwenye tuta la mchanga, mbali na shabaha. Baldev, katibu wetu na msimamizi wa usalama, akasema nilifumba macho kabla ya kufyatua. Kamati itanitazama Jumamosi ijayo. Anayefumba macho na bunduki mkononi hapewi uanachama.

Gurbachan ni wa majaribio kama mimi, dereva wa basi mstaafu. Alipiga baada yangu. Hakikutikisika hata kidevu. Akasema ni bunduki laini.

Laini!

Mke wangu Rahmo aliuliza nyusi imepatwa na nini. Nikasema kabati. Akauliza kabati gani, kisha akaenda kuyakagua yote.

Jumapili, 4 Mei

Mpango wa kwanza: kukomaza bega.

Nilihitaji mtu wa kunipiga, kwa hiyo ilibidi nimwambie Rahmo ukweli. Sikutarajia akubali upesi vile. Nilisimama jikoni nimeegemea jokofu, yeye akanisukuma begani kwa mpini wa ufagio. Pigo la kwanza alisema ni la kabati. La pili ni la zulia nililoahidi kulipeleka kufuliwa tangu Ramadhani. La tatu hakulitajia sababu, na ndilo lililouma zaidi. Nilipoomba tupumzike akasema mkono ndio kwanza unapata moto.

Bega halijakomaa. Limekuwa zambarau.

Mpango wa pili ni wa akili zaidi. Nimekata soli ya ndara za zamani za Rahmo nikaishona ndani ya koti, pale kitako cha bunduki kinapokaa. Nikivaa naonekana nina bega moja la mwanamieleka. Binti yetu Ayan alipita, akatazama, akasema kitu kwa Kiingereza ambacho sikukisikia vizuri na sikuomba akirudie.

Jumanne, 6 Mei

Mpango wa tatu ndio wenyewe. Kwa nini nihangaike na bega? Tatizo ni baruti. Baruti ikipungua, teke linapungua. Na risasi zile Mzee Shantilal hazinunui dukani. Anazitengeneza mwenyewe.

Nikapanda treni hadi kwake Sutton Coldfield. Nyumba yake kubwa, bustani yake kubwa, na yeye yuko gereji amevaa aproni. Hapo ana meza, mashine ya mkono iliyofungwa kwa skrubu, na mizani ndogo ya kitaalamu. Anachukua ganda tupu la risasi iliyokwisha kupigwa, analisafisha, analirudishia umbo. Chini anaweka fataki mpya, ile inayowasha moto. Anapima baruti, anaimimina, halafu juu anashindilia kichwa cha risasi. Anazipanga risasi mezani kama sindano za chanjo. Anapopima haruhusu redio wala simu. Wala mimi.

Niliruhusiwa kufuta vumbi kwenye maganda. Nikangoja hadi alipofunika kopo la baruti, ndipo nikamwambia, kama mtu aliyewaza jambo la kisayansi, kwamba huenda Jumamosi tukatumia nusu ya kipimo. Au robo. Na isijulikane.

Akavua miwani.

Akaniuliza kama kwenye duka la dawa ningemwomba anipunguzie dozi kisirisiri. Kisha akanieleza kwamba kipimo kimechapishwa kitabuni, kina kikomo cha juu na cha chini, na yeye tayari anatumia kile cha chini kabisa kwa sababu bega lake ni la miaka sabini na nane. Baruti ikipungua zaidi ya hapo, risasi yaweza kukwama ndani ya mtutu. Ukipiga ya pili nyuma yake, mtutu unapasuka usoni pako. Aliyasema hayo yote bila kupandisha sauti, na nikajikuta nimesogeza kiti nyuma.

Akataka kujua kwa nini naitaka sana bunduki hii. Nikasema mjomba wangu aliwinda nyati Garissa. Akavaa tena miwani. Akasema chai imeiva.

Tulikunywa hapo hapo gereji. Alisema tangu mkewe afariki hana mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, watoto wake wanakisikia tu. Alinisimulia mvua za Nakuru na mbwa wao aliyeogopa radi. Nilikaa kuliko nilivyokusudia.

Lakini robo tu ya kipimo! Mzee ana moyo mgumu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempigia Gurbachan kumchunguza. Lazima ana siri. Labda sindano, labda koti la kijeshi.

Alifurahi nilivyompigia. Akasema siri yake ni kwamba anafyatua polepole mno, hata yeye mwenyewe hajui mlio utatoka saa ngapi, na wakati huo anafikiria atapika nini jioni. Aliniambia pia nisikaze shingo. Akanialika kwake nile dengu.

Muongo mkubwa. Mtu gani anafikiria dengu mbele ya bunduki ya nyati? Anataka nishindwe, abaki yeye peke yake.

Nimeyakataa mashauri yote. Mwaliko wa dengu nimeukubali.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi nilimpigia Abdiaziz nikamwambia siku ya bunduki kubwa imeahirishwa, mvua. Akasema ajabu, maana amezungumza na klabu sasa hivi kuulizia maegesho ya basi dogo.

Basi dogo.

Anakuja na wazee wa upande wa Rahmo, mashangazi wawili, na mtu kutoka Leicester ambaye hata simjui, aliyesikia tu sifa zangu.

Sikuweza kula. Mchana simu ikalia, Mzee Shantilal. Akasema amefikiri sana juu ya ombi langu. Akasema, "Sugow, nimekutengenezea risasi zako maalumu. Hazina teke hata kidogo."

Nilitaka kumbusu kupitia simu. Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine anajua. Akasema Baldev amepewa taarifa, hana pingamizi. Hata Baldev! Kumbe watu wanaweza kulainika ukiwapa muda.

Soli ya ndara nimeifumua kwenye koti. Haina kazi tena. Nimelala mchana usingizi wa mtoto.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui nianzie wapi.

Walifika kabla yangu. Viti vya kukunja, chupa za chai, sambusa. Mashangazi wamevalishwa vile vifuniko vikubwa vya masikio juu ya mitandio. Abdiaziz ameshika simu juu, anarekodi hata kabla sijavua koti.

Gurbachan alitangulia. Alipiga zote ndani ya mduara wa kati. Watu wangu wakampigia makofi. Shangazi mmoja akampelekea sambusa.

Zamu yangu. Nilikaa kwenye kiti, bunduki juu ya mto wa mchanga. Kwanza niliwageukia nikawatangazia kwamba hii ni dozi kamili ya nyati, wasiogope. Mzee Shantilal akatia risasi moja mwenyewe. Akaniuliza kwa upole kama niko tayari. Nikatabasamu. Hazina teke! Nikalenga.

Kilichofuata nimekiona kwenye simu ya Abdiaziz, kwa hiyo nakieleza kwa uhakika. Macho yalifumba. Shingo ikazama mabegani. Nikaruka nyuma, kiti kikapinduka, nikalala chali kwenye majani nimeshika bega na kupiga kelele kwamba limevunjika.

Bunduki ilikuwa imesema "tak."

Basi. Haikulia. Ilibaki juu ya mto wake, imetulia kabisa, na mkono wa Mzee Shantilal juu yake. Akaifungua, akatoa ile risasi, akanipa. Ganda, na kichwa cha risasi, na ndani hakuna kitu. Wala baruti wala fataki.

"Nilikuambia haina teke," akasema.

Mtu wa Leicester ndiye aliyeanza kucheka. Kisha mashangazi. Mimi nilijua haina teke! Kichwa kilijua. Bega ndilo halikuambiwa.

Nilisema maneno mabaya. Nilimwambia amenidhalilisha mbele ya watu wangu, kwamba angekuwa rafiki asingefanya hivyo. Mzee alingoja nimalize. Akasema, "Afadhali ucheke leo kuliko upofuke kesho. Mimi huiogopa bunduki hii kila ninapoishika, na ndiyo sababu jicho langu liko zima."

Halafu akaniweka tena kwenye kiti. Mara anatia risasi tupu, mara ya kweli, mimi sijui ni ipi. Ya kweli ilinipiga, lakini nilikuwa nimeibana na kuegemea mbele, na ikawa kama kusukumwa na mtu mnene sokoni. Tak nyingine, nikaruka. Tak nyingine, nikaruka kidogo. Nikachoka kuogopa. Nikaanza kufikiria dengu, Mungu anisamehe.

Ya mwisho nilidhani ni tupu. Ikalia. Macho yalikuwa wazi! Nyati aliyechorwa kwenye shabaha ya karatasi akatoboka sikio.

Nilimgeukia Abdiaziz. Simu yake ilikuwa imeishiwa chaji zamani. Anayo video ya kuanguka kwangu tu.

Baldev amesema sijakataliwa. Majaribio yameongezwa miezi mitatu, na nirudi kwenye bunduki ndogo.

Niliondoka bila kumuaga Mzee Shantilal.

Jumapili, 11 Mei

Video imefika Garissa. Shangazi yangu amenitumia dua ya mgonjwa wa mifupa.

Mzee Shantilal amepiga simu, sikupokea. Akampigia Rahmo kuulizia bega langu. Wamezungumza Kiswahili saa nzima, Rahmo anacheka jikoni. Kisha akaja akasimama mbele yangu akaniuliza ni watu wangapi mjini hapa ambao wangekaa mezani siku nzima kunitengenezea risasi za kuniokoa jicho. Akasema mzee yule ana nyumba kubwa na kikombe kimoja mezani.

Nimekaa na maneno hayo. Kikombe kimoja. Ni kweli, Jumanne alilazimika kwenda kutafuta cha pili.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda Sutton Coldfield na sambusa za Rahmo. Nilimwomba Mzee radhi. Nikakiri pia kwamba mjomba wangu hakuwahi kuwinda nyati, aliuza maziwa ya ngamia. Akasema alijua tangu siku ile, kwa sababu uso wangu ulifumba macho kabla ya kusema uongo pia.

Tumekubaliana. Kila Jumanne nitafuta maganda, nitajifunza kupima, tutazungumza. Klabuni nitapiga bunduki ndogo, polepole, hadi mwili ujifunze. Niliafiki kwa moyo wote. Nilikuwa na machozi kidogo.

Nikirudi kwenye treni nikasoma tangazo la Baldev. Mwezi ujao anakuja mgeni na bunduki ya mitutu miwili, ya tembo, nzito kuliko ya Mzee Shantilal karibu mara mbili. Wanachama wanaruhusiwa kujaribu kwa kujiandikisha mapema.

Nimefikiri vizuri, kwa utulivu, kama nilivyofundishwa. Kosa halikuwa langu. Bunduki ya Mzee ni nyepesi mno kwa mtu wa kimo changu, ndiyo maana inaruka. Iliyo nzito zaidi itatulia. Tena ina mitutu miwili, kwa hiyo teke litagawanyika nusu kwa nusu. Ni hesabu tu.

Nimejiandikisha wa kwanza. Nimemwambia Abdiaziz aje na chaji ya akiba na akodi basi kubwa. Safari hii nataka mashahidi.