Folda Iitwayo Baadaye

Jumatatu, 4 Machi
Barua pepe mia mbili na kumi na saba kabla ya chai! Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa mpakani Rusumo itazama. Bosi, Mama Speciose, ametangaza kwamba mwisho wa wiki atateua mkuu wa nyaraka. Ni ama mimi Projestus, ama Deodata. Deodata husoma barua moja moja kama anayechambua maharage. Ushamba.

Mimi nimetunga kanuni. Kompyuta itapanga yenyewe. Ya kwanza: barua yoyote yenye neno "haraka" iende folda ya Baadaye. Kila mtu anaandika haraka, hata aliyebeba misumari. Ya pili: barua za Deodata ziende folda yake peke yake, zisinikere. Ya tatu ndiyo kiboko: kila anayeniandikia ajibiwe papo hapo, "Tumepokea. Tunashughulikia."

Saa nane mchana kikasha cha barua pepe kitupu! Mama Speciose akasema hajapata kuona kitu kama hicho. Deodata kanuna.

Jumanne, 5 Machi
Mvua. Kikasha kitupu. Nimekata kucha.

Deodata aliniuliza kama nimeiona barua aliyonitumia asubuhi. Nikamuuliza, kwani hukujibiwa? Akakubali kwamba amejibiwa, tena upesi. Basi, nikasema. Akarudi kwenye maharage yake.

Jumatano, 6 Machi
Leo amekuja mzee kutoka Bugarama, Mzee Ndayisaba, kalowa hadi magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ndogo. Mwanawe Niyonzima, fundi wa malori, amefariki Kigali. Gari lenye jeneza liko ng'ambo ya daraja tangu jana. Haliwezi kuvuka hadi wakala atoe karatasi, na wakala ni sisi. Nduguye marehemu, Hakizimana, anasema alituma kila kitu kwetu Jumatatu, na kwamba alijibiwa.

Nikamwambia hakuna kilichofika. Nikamgeuzia kompyuta aone mwenyewe. Akainama, akaangalia kioo kitupu kwa muda mrefu. Akasema asante, mwanangu. Akaenda kukaa kwenye benchi la nje, karibu na foleni ya malori.

Nilidhani ataondoka. Saa kumi na moja alikuwa bado pale.

Alhamisi, 7 Machi
Siku mbaya.

Mzee alirudi kabla hatujafungua. Deodata akamsikiliza, kisha akaja mezani kwangu akaniambia nisogee. Nikakataa. Mama Speciose akasema, "Projestus, sogea." Nikasogea.

Deodata akafungua Baadaye. Barua mia tano na kitu. Za Hakizimana zilikuwa tatu: HARAKA TAFADHALI, MWILI WA MAREHEMU. Cheti cha kifo, kibali, kila kitu kimeambatishwa. Kisha akafungua folda yake. Ile barua ya Jumanne: kapigiwa simu, kuna mwili unasubiri darajani, na mambo ya misiba yako kwenye dawati langu, nishughulikie. Chini yake, jibu langu: Tumepokea. Tunashughulikia.

Deodata alimaliza karatasi kwa dakika arobaini. Gari likavuka.

Mzee Ndayisaba akaniuliza, "Kwa hiyo zilikuwepo?"

"Zilikuwepo, mzee."

"Jana uliponionyesha, zilikuwepo?"

"Zilikuwa mahali pengine."

Akatikisa kichwa polepole. "Nilimwambia mama yake kwamba nimeona kwa macho yangu. Kwamba Hakizimana ni mwongo. Alilia usiku kucha kwa ajili ya uongo wa mtoto aliyebaki."

Akampa mkono Deodata. Akanipa na mimi. Kwa nini anipe na mimi?

Ijumaa, 8 Machi
Mama Speciose kaniamuru niende mazikoni. Bugarama kote matope. Kaburi lilichimbwa Jumanne; mvua ya siku tatu imelibomoa upande mmoja, vijana wakalichimba upya huku waombolezaji wamesimama. Mama wa marehemu, Eustakia, aliomba afunuliwe uso wa mwanawe mara moja tu. Wazee wakamwambia siku zimepita nyingi mno, jeneza halifunguliwi. Akaweka kiganja juu ya ubao, akakiacha pale mpaka walipomtoa.

Mama mmoja akaniuliza kama ni kweli kuna mtu wa ile ofisi ya forodha amekuja. Nikamwambia sijui, mimi ni dereva tu. Akanipa sahani ya ugali na maharage. Nikala.

Hakizimana alikuwa amesimama peke yake. Sikumsogelea.

Jumamosi, 9 Machi
Deodata ni mkuu wa nyaraka. Mama Speciose kaniagiza nifute kanuni zote, kisha nitafakari nilipokosea. Nimefuta. Nimetafakari asubuhi nzima, kwa unyoofu kabisa.

Kosa nimeliona. Kanuni zilikuwa chache mno! Haikuwepo hata moja ya vifo. Nimeitunga sasa: barua yenye neno "marehemu", "mwili" au "jeneza" iende moja kwa moja folda ya Misiba, na mwenye nayo ajibiwe kwa heshima: "Poleni sana. Tuko pamoja nanyi." Hata Deodata hana ubinadamu wa namna hiyo.

Hadi saa saba Misiba imeshapata barua nne. Sijazifungua. Nangoja zifike kumi, nizisome kwa mkupuo mmoja.