Maji ya Bluu na Pipa la Ndimu

Swafwani aliikuta rafu ya chumvi ya kuyeyushia barafu dukani haina hata punje, akatabasamu. Barafu ilikuwa imeikaba Arlington, huko ughaibuni, siku ya pili. Magari yameganda mbele ya nyumba, na wenyewe wanachungulia madirishani kama kuku tunduni. Na wakubwa? Wakubwa walitokea kwenye televisheni na makoti yao ya sufu, wakasema watu wasitoke. Malori ya chumvi hawakuyataja. Yalikuwa mitaani kwao.

"Penye wenye shida, mie ndipo kwangu," alisema Swafwani. Alichemsha maji, akatia sabuni ya vyombo na rangi ya keki ya bluu, akajaza madumu na kuyafunika blanketi.

Wa kwanza alikuwa Nyaga, nesi, zamu inamngoja hospitali.

"Brother, hii dawa ya Alaska. Tazama!" Akamwaga. Moshi ukafuka, barafu ikalainika.

"Aki umeni-save!" Nyaga alitoa noti.

"Lakini usikanyage kabla ya robo saa. Itakula tairi."

Uongo mtupu. Maji ya moto yakipoa huganda upya, yakawa laini kuliko kioo. Hiyo robo saa ilikuwa ya Swafwani kukimbilia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Badria, Mzanzibari atengenezaye achari ya ndimu ya kuuza Ramadhani. Gereji yake ilijaa mapipa.

"Macho yangu mabovu, mwanangu. Mwaga hapo penye gari lako, nione."

Akamwaga kidogo.

"Yote, baba. Mie sinunui kitu cha kuonjeshwa."

Akayamaliza, yakatapakaa chini ya magurudumu.

"Maashallah. Sasa ingia unywe kahawa, ndo nikupe chako."

"Shikamoo yako bibi, lakini nina haraka..."

"Mtoto wa Mombasa aondoke kwangu mdomo mkavu? Mama yako nitamwambia nini?"

Hapo hakuna mjanja anayepona. Akanywa kikombe. Ikaja kashata. Kikaja cha pili, na habari za shangazi zake wote. Alipotoka, gari lilikuwa limeshikwa na barafu ya bluu. Magurudumu yakalia, yakazunguka palepale.

Kule juu ya mtaa sauti ikapaa: "Swafwani! Leo utanitambua!" Nyaga alikuwa anateremka kwa makalio.

"Bibi, nifae!"

"Nina maji ya achari. Chumvi tupu, ndimu zimelala humo miezi mitatu. Hayajui kuganda."

"Bei gani?"

"Za mfukoni zote. Na mfuko wa ndani pia, naona umevimba."

"Si ulisema macho mabovu?"

"Ya mbali, mwanangu. Ya karibu mazima."

Nyaga ameshafika nyumba ya pili. Swafwani akatoa zote. Bi Badria akamwaga ndoo mbili bila pupa. Barafu ikalegea, gari likachomoka likinuka ndimu mpaka barabara kuu.

Nyaga akafika, suruali imelowa. "Mama, mwizi ako wapi?"

"Ameshaenda. Pole, mwanangu. Lakini dawa ya kweli ninayo hapa."

"Pesa ngapi?"

"Bei ileile aliyokutoza yeye."

Nyaga akalipa, na zamu akaiwahi.

Malori ya wakubwa yalikuja kesho yake, jua linawaka, yakamwaga chumvi juu ya lami kavu.