Msumbufu wa Karakana ya Mapazia

Jumatatu, 4 Machi

Mambo yameiva! Asubuhi mama mwenye karakana alitusimamisha sote katikati ya majora ya vitambaa. Akasema kuna mtu mmoja hapa anawachosha wenzake, na sasa hata wateja wamechoka. Hatamtaja. Anampa hadi Ijumaa ajirekebishe, la sivyo atamwondoa.

Muda wote alinitazama mimi. Mkata vitambaa naye akanitazama. Fundi cherehani akanitazama, akaguna. Heshima iliyoje! Wote wanajua kwamba wa kumnasa mtu huyo ni mimi. Mimi ndiye mpima madirisha. Kazi yangu ni jicho.

Nimemsimulia mke wangu tukila. Aliacha kutafuna. Akasema nyani haoni kundule. Hatukuwa tunazungumzia nyani.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma kwenye simu kuhusu aina za watu wagumu kazini. Kuna Mjuaji, kuna Mlalamishi, kuna Mchochezi. Sisi tumejaliwa wote!

Mkata vitambaa ni Mjuaji. Leo kadai nilimpa upana wa dirisha nikauita urefu, na pazia la daktari wa meno limeishia katikati kama kaptula. Nikasema kosa ni la futi yangu ya kupimia. Akasema futi haina mdomo. Sawa, pazia ni fupi kweli, lakini si angenong'ona?

Fundi cherehani ni Mlalamishi. Eti napiga mluzi sikioni mwake. Eti namfundisha kushona. Eti naonja chakula chake. Kijiko kimoja! Viwili.

Jioni nimejiunga na kundi la mtandaoni la watu waliochoshwa na wenzao kazini. Nimejiita Nyuki Mpole.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata rafiki wa roho! Anajiita Sindano. Maskini. Kazini kwao kuna jamaa apigaye mluzi kutwa, anayefundisha watu kazi asiyoijua, na akiharibu, analaumu futi. Nilisoma damu ikinichemka. Watu wengine walilelewa na nani?

Nikamshauri amfichie kiti. Mtu wa namna hiyo akisimama kutwa, kiburi humshukia miguuni. Sindano alicheka sana, akasema Mungu anibariki, hajapata mtu wa kumsikiliza hivi.

Nikalala kama mfalme.

Alhamisi, 7 Machi

Kiti changu hakipo!

Nimetafuta chini ya meza, nyuma ya majora, hata chooni. Hakuna aliyekiona. Mkata vitambaa aliuma midomo kama mtu anayezuia chafya. Nikamwandikia Sindano kwamba hata mimi yamenikuta. Simu ya fundi cherehani ikalia. Nikatuma tena, kuuliza yule jamaa wake anaendeleaje na kusimama. Ikalia tena. Nikamwambia aizime, watu tunafanya kazi.

Akaitazama simu yake. Akanitazama mimi na yangu mkononi. Akaja, akachungulia begani kwangu. Uso ukambadilika. Akatoka bila kuguna, akarudi amebeba kiti changu.

"Kaa, kaka," akasema. "Nisamehe. Sikujua una moyo wa kumsikiliza mtu hivyo."

"Moyo gani tena, dada?"

"Basi tu. Tukae siku moja tuongee, mimi na wewe, bila simu."

Nikamwambia nina madirisha ya kupima. Mchana akanigawia nusu ya chakula chake, kwa hiari. Nikala, lakini kichwa kinazunguka. Amekuwaje huyu?

Jioni, nikivua viatu, nikaelewa. Mtu haombi msamaha bila hatia. Kaficha kiti, kakiri, kisha kanihonga wali. Msumbufu ni yeye! Kikulacho ki nguoni mwako. Mke wangu akaniuliza kama nimemsikiliza vizuri huyo dada. Nikasema neno kwa neno. Akashika tama.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefika mapema kwa mama mwenye karakana. Fundi cherehani alikwisha nitangulia! Nikangoja mlangoni. Nikamsikia akisihi: si mtu mbaya, mama, hajijui tu, mwache nitazungumza naye mwenyewe. Sijui alikuwa akimtetea nani. Mwenzake katika njama, bila shaka.

Alipotoka, nikaingia na kumwaga yote. Anaficha viti. Analalamika. Simu yake inalia ovyo. Leo anakuomba hili, kesho atakuomba lile.

"Unamsema huyu aliyetoka sasa hivi?" mama akauliza.

"Huyo huyo, mama."

Akavua miwani. Akaifuta. Akaifuta tena, ingawa ilikwisha takata. Akasema alikuwa ameshakubali kubadili mawazo kwa ajili ya huyo dada, na sasa ameyarudisha yalipokuwa. Kuanzia kesho nitakaa ghalani, mtaa wa nyuma, peke yangu, kutunza majora. Nikauliza na yule msumbufu je? Akasema suala hilo limekwisha.

Limekwishaje? Mbona hajaondoka hata mmoja? Nilipochukua mfuko wangu, fundi cherehani alisimamisha cherehani. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Kaka, ungeningoja kidogo tu." Nikafungua mlango wa choo badala ya wa kutokea. Sijui kwa nini. Vumbi la pamba, nadhani.

Jumamosi, 9 Machi

Ghala ni kubwa, kimya, na ufunguo ninao mimi. Ni cheo, hakuna ubishi. Nani humkabidhi mali mtu asiyemwamini? Mke wangu amesema hongera kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Nilitaka kumpa Sindano habari. Amejitoa kwenye kundi. Hakuaga! Ndio watu wa mtandaoni hao. Unawapa roho yako, wanakuacha kwenye mataa.

Humu tulikuwa wawili, mimi na paka wa kuwinda panya. Mgumu ajabu. Nikimwonyesha panya walipo, anageuza uso. Nikimwelekeza namna ya kuvizia, anafumba macho. Nilimsema kwa upole kwa muda mrefu. Mchana akaruka dirishani akaenda zake.

Sasa nimebaki peke yangu, na bado mambo hayaendi. Jora limeniangukia mguuni. Ufunguo siuoni. Hewa yenyewe ina ugomvi.

Kuna mtu humu. Jumatatu namtafuta.