Ufunguo wa Kituo cha Tingi

(Hotuba ya Bwana Josephat, Mratibu Mkuu wa Nguvukazi na Viwango vya Ujuzi, aliyoitoa Tingi, wilayani Kilwa, siku ya kuzindua Kituo cha Kupima Ujuzi wa Mafundi, akiwa amesimama mbele ya pazia refu la bluu.)

Ndugu zangu, kosa linalofanywa na watu wengi, hata waliosoma, ni kudhani kwamba kituo ni jengo. Kosa hili nitalieleza taratibu, kwa kuwa sina haraka na huku mbele kuna kivuli. Lakini kwanza itifaki.

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa aliyepata udhuru. Ndugu uliyemwakilisha mwakilishi huyo baada ya naye kupata udhuru. Waheshimiwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji. Mashekhe wetu na katekista wetu. Mkandarasi Abilahi, mjenzi wa daraja letu. Wataalamu wangu niliofuatana nao katika magari manne. Wazee wetu, shikamooni (marahaba, kwa uvivu, kutoka kwenye jua). Akina mama wa ngoma. Vijana, nguvukazi ya taifa, ambao nawaona mmekaa juu ya mikorosho kwa sababu ya changamoto ya viti. Na mwisho, ingawa kwa cheo ningetangulia, mimi mwenyewe. (Makofi, yanayoanzia kwa madereva.)

Ofisi yangu, baada ya upembuzi yakinifu, na baada ya upembuzi wa upembuzi huo, na baada ya semina ya kujengeana uwezo tuliyoifanyia Mtanda, Lindi mjini, kwa kuwa huko feni zinazunguka, ilibaini kwamba katika eneo hili mafundi wanafanya kazi bila kiwango. Fundi anajenga nyumba, nyumba inasimama, lakini ukimwuliza imesimama kwa kiwango gani, hajui. Huo ni usimamaji holela wa nyumba. (Vicheko.) Msicheke. Nyumba iliyosimama bila kiwango ofisi haiwezi kuihesabu miongoni mwa zilizosimama.

Ngoja niwafafanulie kwa mfano wa hapa hapa. Kijana wetu hasemi amekua kwa sababu tu ameota ndevu. Anapelekwa jandoni, anatoka, anavishwa nguo mpya, ndipo watu wanamtambua. Basi cheti ndiyo nguo mpya ya fundi.

(Sauti ya mwanamke mzee: "Jandoni kuna ngariba, mtani. Wa kwako yuko wapi?" Vicheko virefu, hata kwa mashekhe.)

Mgambo, rudi mahali pako, usimguse. Kwa faida ya wageni, huyo ni Bibi Stefania. Yeye ni wa hapa, mimi ni wa Nyangamara, na sisi ni watani tangu kwa babu zetu. Mtani hakamatwi. Mtani husema hata msibani, na marehemu akavumilia. Karibu, Bibi.

("Nimeshakaribia. Wewe ndiye uliye mbali.")

Naendelea. Mwezi wa tatu, kwa mamlaka niliyo nayo na mengine niliyoyaomba, nilitoa agizo kwamba mkandarasi yeyote asiajiri fundi wa eneo hili ambaye hajapimwa na Kituo cha Tingi. Wakosoaji walisema agizo halitatekelezeka. Leo nasimama kifua mbele kuwatangazia kwamba limetekelezwa kwa asilimia mia moja. Hakuna fundi wa hapa aliyeajiriwa. (Makofi ya dereva mmoja, kisha anaacha.)

Na kituo chenyewe, ambacho kiko nyuma ya pazia hili, kitapima waashi, maseremala, mafundi umeme na wachomeleaji, katika fremuweki shirikishi yenye mnyororo wa thamani usiokatika. (Mbuzi anatokea chini ya pazia akitafuna, anatazama umati, anarudi alikotoka.) Huyo asiwatie shaka. Mapokezi yetu yako wazi kwa wadau wote.

Simama, mwanangu Jenipher, wakuone. Ndugu zangu, huyu ni binti mchomeleaji, mwenye karakana yake pale njia panda. Mkandarasi Abilahi anamtaka darajani, na gari la mafundi linaondoka leo jioni kwenda kambini. Bila cheti, Jenipher anabaki, na nafasi yake anaichukua mtu wa mbali. Mimi kama mzazi inaniuma. Jenipher, kwa nini hukuja kupimwa?

("Nimekuja, mheshimiwa. Nimekuja tangu mwezi wa tatu, sijaona pa kubisha hodi.")

Mmesikia? Ndilo kosa nililolitaja. Binti anatafuta mlango. Kituo, mwanangu, kwanza ni dhana. Dhana ikikomaa inakuwa mchakato. Mchakato ukikomaa unapata pazia, na hapo ndipo tulipofika leo.

Sasa naomba ufunguo. (Unaletwa kwenye sinia: wa mti, mrefu kama mkono, umepakwa rangi ya dhahabu. Bibi Stefania anafika kabla ya mheshimiwa, anauchukua, anaukumbatia kama mtoto. Vigelegele.)

Bibi, huo ni mali ya umma.

("Na mimi ni umma. Nakwenda kufungua, Jenipher apimwe, gari lisimwache.")

Bibi, utepe haujakatwa. Bibi, pazia halivutwi na raia. Bibi Stefania. (Pazia linaanguka. Nyuma yake unaonekana ufuta uliosimamishwa kukauka, matita kwa matita, na yule mbuzi. Mzee Yassini, kutoka nyuma: "Jamani, msinikanyagie ufuta.")

Tulieni. Tulieni, nitawaeleza. Mnachokiona mnadhani ni ufuta. Kitaalamu hiyo ni awamu ya kwanza.

("Ufunguo nauingiza kwenye tita lipi, mtani?")

Wageni wangu wananiuliza kwa nini simnyang'anyi. Hamjui mila za huku. Mtani akikamata kitu chako hukivuti, unakikomboa. Bibi, nakupa jogoo. (Anatikisa kichwa.) Jogoo na doti ya kanga. (Anakaa juu ya ufunguo.) Bibi, nakusihi, Ijumaa ufunguo huo unatakiwa kwenye uzinduzi mwingine, na ni huo huo mmoja kwa vituo vyote.

("Jogoo utamla wewe. Lilaze agizo lako.")

(Vijana wanashuka kwenye mikorosho. Mheshimiwa anaitazama saa, anayatazama magari, anakunywa maji.)

Ofisi yangu ni sikivu. Kwa hiyo, kwa kauli hii, agizo la mwezi wa tatu limelala, na lisiamshwe mpaka kituo kipate ukuta wa kulibandika. Bibi, inuka basi. (Anainuka. Ufunguo unarudi kwenye sinia.) Ahsante, mtani. Umenikalia rangi.

Nimalizie kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Cheti", itikieni "Kwanza". Nikisema "Kituo", itikieni "Baadaye". Cheti. (Kimya.) Kituo. ("Baadaye", kwa sauti moja, kwa furaha kubwa.)

Shukrani. Namshukuru Mzee Yassini kwa kutuazima kipande cha shamba cha kusimamishia miti miwili. Shule jirani kwa kutuazima pazia la maigizo. Na fundi Klementi, seremala, aliyetuchongea ufunguo mzuri hivi, naye akiwa hajapimwa na mtu yeyote. Bila nyinyi kituo hiki kisingekuwepo hata kwa saa hizi mbili.

Mkandarasi Abilahi, wewe ndiye ngariba wa leo. Kabla gari halijaondoka, mpe Jenipher vyuma viwili aviunge, uvipige nyundo mwenyewe, na visipoachana mpakie.