Ombi la Kuhamishiwa Kundi la Nyati

Kwa: Mkurugenzi wa Wanyamapori
Kupitia: (nimepaacha wazi kwa sababu za kiafya)

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Mimi ni yule karani mdogo wa masijala anayepiga chapa taarifa za droni, ambaye ulipotutembelea ulimkabidhi mwavuli wako ukidhani ni mlinzi. Mwavuli upo salama.

Kwa muda sasa moyo wangu unanienda mbio, hata nikiwa nimekaa. Niliomba ruhusa ya kwenda hospitali. Ombi liko mezani kwa Mkuu wa Masijala, chini ya chupa yake ya chai. Nilipomkumbusha, aliniuliza mbele ya wenzangu, "Kijana mzima kama wewe, huo moyo unakimbilia wapi?" Wakacheka. Nami nikacheka, kwa nidhamu.

Kwa unyenyekevu mkubwa, nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Idara yako hurusha droni kila siku kumpima nyati mzee wa bondeni. Huhesabu pumzi zake kwa kutazama mbavu zinavyopanda na kushuka, hupima joto la mwili wake, na huangalia kutoka juu kama amekonda. Nyati huyo hakuomba ruhusa kwa mtu yeyote.

2. Mwongozo wa marubani unasema wazi: mnyama akiinua kichwa na kusimamisha masikio, droni ipande juu mara moja, asije akashtuka na vipimo vikaharibika. Mkuu wa Masijala hunisimamia mgongoni mpaka pumzi yake inatia ukungu miwani yangu. Masikio yangu husimama. Hajapanda juu hata siku moja.

3. Juzi marubani walijaribu droni mpya hapa uani. Nikaletewa picha zake za joto, nipige chapa maelezo ya mtaalamu: "Mnyama mdogo, yuko peke yake, amejibanza. Pumzi za haraka mno. Ana dalili zote za kuwindwa. Afuatiliwe kwa karibu." Nilimwonea huruma sana mnyama yule. Nilikuwa nimeshafika kwenye nukta ya mwisho nilipolitambua kabati la mafaili, kisha pazia, kisha kiwiko changu. Mama anayetupikia chai, ambaye sote humwita Shangazi, aliitazama picha akasema, "Mwanangu, ni wewe huyu. Hata kwenye picha unaomba radhi."

4. Tangu niajiriwe, hakuna aliyewahi kuandika kwamba nifuatiliwe kwa karibu. Ndugu Mkurugenzi, nililia kidogo.

Kwa hiyo naomba nifutwe kwenye orodha ya watumishi na kuhamishiwa kundi la nyati. Sidai posho ya uhamisho, na majani nitayazoea. Nikisubiri uhamisho, naomba tu droni ije dirishani kwangu kabla Mkuu wa Masijala hajafika, na tena akishafika, ili tofauti ya pumzi zangu ionekane kitaalamu. Yeye naye aelezwe umbali unaoruhusiwa. Endapo nyati watanikataa, niko tayari kuanza kama swala, kwa mkataba wa muda.

Nisalimie familia yako, wataalamu, marubani wote, na zaidi nyati mzee. Aambiwe kwamba karani wake anamwombea afya njema.

Wako mtiifu, mwenye pumzi za haraka,

Karani Mdogo,
Masijala

Baada ya sahihi: Nikiwa natafuta bahasha, imeletwa taarifa ya mwisho ya nyati mzee, niipige chapa. Alikuwa na jeraha mguuni. Droni ilimfuatilia kwa karibu kama ilivyoagizwa, joto likipanda, pumzi zikipungua, mpaka zikakoma. Hakuna aliyekwenda kumtibu, kwa maana mwongozo unasema mnyama wa porini haingiliwi. Wataalamu wamepongezana kwa kupata takwimu safi.

Naomba sana nirudishwe kwa watumishi kabla sijahamishwa. Ombi langu la hospitali nalo liachwe palepale lilipo. Chupa ya chai iliyo juu yake, angalau, huinuliwa kila asubuhi na mkono wa mtu.